Buti Langu la Kushoto

Mume wangu alipofariki aliacha redio iliyoshika kituo kimoja tu, baiskeli bila mnyororo, na jozi ya mabuti ya mpira. Redio ilichukuliwa na mdogo wake wa mwisho. Baiskeli haikutakiwa na mtu. Mabuti ndiyo yaliyotaka kututoa roho.

Msinicheke. Marehemu alikuwa msoma mita za maji. Kutwa yuko nje, nyumba kwa nyumba, anainamia visanduku vya mita vilivyojaa tope na vyura, na kazini walimpa mabuti hayo meusi, marefu, yanayokomea chini kidogo ya goti. Siku za kazi aliyavaa kwa lazima. Jumapili aliyavaa kwa raha zake, akateremka kinamasini nyuma ya mtaa wetu, akarudi jua limeshapanda, ananuka matope na majani mabichi, uso umekunjuka. Ukimuuliza alikuwa wapi, anakujibu, "Nilikwenda kuwasalimia ndege." Mtu mzima na ndevu zake.

Siku ya kugawa nguo zake mimi niliyashika yale mabuti, na wifi yangu, dada yake marehemu, akayashika vilevile. Mimi nilikuwa nimekamata la kushoto, yeye la kulia. Nikamwambia, wifi, achia, haya ni ya mume wangu. Akasema, kabla hajawa mume wako alikuwa kaka yangu, nilimfuta kamasi huyu. Ndugu wote wanatutazama. Ndipo yule mdogo wao, redio iko kwapani, akasema, "Basi kila mtu na lake, mkafugie vifaranga." Yeye alitania. Sisi tukalichukua kama lilivyo, kila mmoja akabaki na buti lake, wala hatukuona haya.

Huo ndio ukoo nilikoolewa. Ni watu wa utani mpaka basi, neno la moja kwa moja kwao ni kama dawa chungu. Hata kuniposa, mume wangu aliniposa kwa utani. Alikuja kusoma mita ya nyumbani kwetu, akaniambia maji yenu yanavuja, itabidi nije kila siku niangalie. Nilicheka wiki nzima, kumbe mwenzangu ameshatuma wazee. Nilipoingia kwao nikajifunza lugha yao, na sijisifu, lakini baada ya muda niliwapita.

Tatizo la nyumba ya watani ni kwamba mtu akisema kweli hasikiki. Jumapili moja mume wangu alirudi kutoka kinamasini anahema, akasema ameona ndege mwenye miguu mingi. Nikamuuliza mingi kiasi gani. Akasema hakuhesabu, ilikuwa inaning'inia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo, kila ndugu wakikutana, lazima mtu amuulize habari za yule ndege, kama ameshanunuliwa viatu. Yeye mwenyewe alicheka pamoja nasi, ila kila mara alimalizia kwa sauti ya chini, "Lakini nilimwona." Hata msibani kisa hicho kilisimuliwa, tukacheka na kulia kwa pamoja.

Wifi yangu alikuja kwenye huo msiba na begi moja dogo. Ni mkunga mstaafu, mwembamba, ana goti bovu la kulia, na binti yake wa pekee anaishi mji wa mbali. Wageni walipokwisha kutawanyika yeye alibaki. Nikamkuta amekaa kwenye chumba changu cha mbele, maana mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na chumba hicho ndicho karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, marobota ya kitambaa cha buluu hadi kwenye dari. Amekaa tu, anatazama uzi. Nikamwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina, shika sindano." Nikamsogezea kopo la vifungo.

Akashona vifungo vya shule nzima. Hakuniambia kama anaondoka au anakaa, na mimi sikumuuliza. Nikaanza kumwita Mgeni. Mgeni, chai tayari. Mgeni, mkasi umeuweka wapi? Naye akaitika, na wateja nao wakamwita hivyohivyo, wakidhani ndilo jina lake.

Basi, Jumapili moja asubuhi nilikuwa napiga pasi, nikamwona Mgeni anapita kuelekea mlangoni, mguu wa kulia una buti, wa kushoto una kandambili.

"Unakwenda wapi hivyo?" nikamuuliza. "Kuna sarakasi mjini?"

"Nalitembeza buti la kaka yangu. Likikaa sana mpira utapasuka."

"Buti moja halijui njia."

"Basi lete lako likalioneshe."

Nikaiweka pasi chini. Sijui kwa nini niliiweka, kazi ilikuwa tele. Nilikwenda chumbani nikavuta buti langu chini ya kitanda, nikavaa na kandambili mguu wa pili, tukatoka. Fundi baiskeli wa pale kwenye kona alisimamisha kazi yake, akatutazama kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Leo jozi imetoka." Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unatuita Jozi, na jina lenyewe halijafutika mpaka leo.

Sasa sikilizeni ajabu ya Mungu. Kinamasi kile kina tuta jembamba linalokikata katikati, la watu waendao kukata matete. Maji yako kushoto, maji yako kulia. Ukitembea peke yako unapita katikati, mguu mbele ya mguu. Lakini wawili wakitaka kwenda sambamba, mguu wa nje wa kila mmoja lazima uchovye majini. Mimi nikatembea upande wa kushoto na buti la kushoto, yeye upande wa kulia na buti la kulia, na miguu yetu ya ndani yenye kandambili ikapita juu ya tuta, mikavu. Tulienda hatua kadhaa ndipo tukagundua. Tukatazamana. Mgeni akasema, "Aliyegawa yale mabuti hakuwa mjinga." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kicheko chenyewe, siyo kile cha kuwatoa watu njiani.

Mwanzo nilitembea kama mtu anayefukuzwa. Fundi cherehani hana macho ya mbali, tumezoea kutazama mshono. Mgeni yeye alisimama kila baada ya muda mfupi, akaegemea fimbo yake, akanyamaza. Nikamuuliza tunasubiri nini. Akasema, "Mtoto na ndege ni wamoja. Ukimharakisha haji." Mwanamke huyu amekaa maisha yake yote kando ya vitanda akisubiri, kusubiri kwake ni kazi ya mikono. Nikasimama naye kwa kumridhisha tu, na matete yaliyokuwa matete matupu yakaanza kuwa na watu ndani.

Yangeyange weupe walitoka mmoja mmoja, wakijipanga ukingoni kama mashati yaliyofuliwa. Mdiria, yule ndege mdogo mla samaki, alikaa juu ya ufito, buluu yake ikaniumiza moyo, maana maisha yangu yote nauza kitambaa cha buluu na sijawahi kupata ile. Siku nyingine tulimkuta kenge amelala katikati ya tuta, mrefu, hana habari na mtu. Nilitaka kumrushia kandambili. Mgeni akanishika mkono akasema, "Mwenye nyumba huyo. Muombe njia." Tukamwomba njia, kwa heshima zote, na bwana yule akajikokota majini bila kutugeukia.

Na alikuwepo ndege wa kahawia mwenye paji la uso la buluu, mwenye vidole virefu kama sindano za kufumia, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Anainama jani hili, anachungulia, anaenda jani lile, anachungulia. Nilipomwona nilishikwa na kwikwi. Nikamwambia Mgeni, "Tazama, anasoma mita." Tangu siku hiyo tukamwita Msoma Mita, na kila Jumapili tulimtafuta kabla ya kutafuta kingine chochote.

Niseme wazi, kwa kuwa mume wangu hakupata muda wa kunisikia nikisema: nashukuru. Nashukuru kwa lile tuta na lile tope. Kabla ya matembezi hayo nilikuwa silali. Nalala upande wangu wa kitanda, naogopa upande wa pili. Jumapili za kinamasini zilinirudishia usingizi, kwanza wa Jumapili tu, kisha na siku zingine. Na nilijua usingizi ule umeletwa na nani. Umeletwa na mwanamke mwembamba mwenye fimbo, anayenuka dawa ya kuchua, anayekoroma chumba cha pili.

Kisha simu ikaja. Binti yake amejenga, ana chumba cha ziada, dirisha linatazama bustani. Anataka mama yake akakae naye. Atakuja na gari Jumapili kumchukua.

"Unasemaje?" Mgeni aliniuliza, simu bado iko mkononi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lenyewe ni moja tu, usiende. Mdomo wangu ukafunguka, ukatoa nini? "Nenda bwana, angalau nitapumua, unamaliza sukari." Akacheka. Nikacheka. Nikaingia jikoni nikasimama mbele ya sinia bila kujua nimefuata nini.

Wiki ile nilijaribu kila njia. Nikamwambia, ukienda nani atanishonea vifungo? Akasema, kanunue mashine. Nikamwambia, nitaficha fimbo yako usiweze kuondoka. Akasema, nitaondoka nikiruka kama chura. Siku moja nilipiga moyo konde kabisa, nikaacha cherehani, nikasema, "Wifi, usiende, kweli tena." Akanitazama juu ya miwani, sindano imesimama. "Sasa umekuwa hodari," akasema. "Hata uso haucheki." Akarudi kwenye kifungo chake. Ningemlaumu vipi? Miaka miwili sijamwambia neno moja ambalo halikuwa na mkia wa utani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi usaha wenyewe niliuona unatumbuka, sina pamba.

Jumamosi, begi lake likiwa limefungwa tayari, akaniomba tutembee kwa mara ya mwisho. Alitaka kufika ng'ambo ya mkondo, kwenye kichuguu chenye gogo ambapo kaka yake alizoea kukaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Tuta lenyewe lilipitika, sambamba kama kawaida yetu, mguu wa nje majini. Matete yalikuwa yamesafishwa, kila kitu kinang'aa, vyura wanapiga kelele kama watoto walioachwa na mwalimu. Nilitaka siku iwe mbaya, anione nimekasirika. Ilikuwa nzuri ajabu.

Tukafika kwenye mkondo, pale tuta linapokatika. Siku zote maji yake hufika kifundoni, unavuka juu ya mawe. Siku hiyo mawe hayakuonekana. Nikachovya fimbo yake: maji yalifika chini ya goti, yametulia.

"Basi," Mgeni akasema. "Turudi." Alijitahidi kusema kama mtu asiyejali, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile gogo.

Nikatazama mguu wangu, nikatazama wake. "Nipe buti lako," nikamwambia.

"Ndicho ulichokuwa unakitafuta tangu siku ile ya kugawa."

"Lete buti, mama. Nivae yote mawili, nikubebe."

"Kunibeba mimi? Utanitupa kwa kenge."

"Kenge mwenyewe atakurudisha. Vua."

Akavua. Mimi nimejaliwa mwili, na mikono ya kusukuma pasi ya mkaa miaka nenda miaka rudi siyo mikono ya mchezo. Nikafunga gauni kiunoni, nikavaa jozi kamili ya mume wangu kwa mara ya kwanza, nikainama. Wifi yangu akanipanda mgongoni, kandambili zetu kazitia mfukoni, mkono mmoja shingoni kwangu, mwingine umeshika fimbo juu. Alikuwa mwepesi kuliko robota la kitambaa. Nikaingia majini polepole, nikipapasa mawe kwa unyayo. Maji yalipanda mpaka karibu na mdomo wa mabuti, yakakomea hapo.

Tulipofika katikati akanifinya bega. "Simama," akaninong'oneza. "Usitikisike. Kushoto kwako."

Msoma Mita alikuwa juu ya majani ya yungiyungi, karibu kabisa nasi, lakini hakutembea kama kawaida yake. Alijikunyata, mabawa ameyabana ubavuni, na chini ya mabawa ilining'inia miguu. Miguu mingi. Miembamba kama nyuzi, vidole virefu, inabembea kila akipiga hatua. Nikafumba macho nikafumbua, miguu bado ipo. Akafika kwenye jani kubwa mbali kidogo nasi, akachuchumaa, akalegeza mabawa, na vifaranga vikamwagika kutoka kwapani mwake, vidogo, vimechanganyikiwa, kila kimoja kikarudisha miguu yake chini ya tumbo lake. Baba mtu, au mama, sijui, akainama akaendelea kusoma mita zake.

Nilisikia moyo wa wifi yangu unapiga kwenye mgongo wangu.

"Aliona," akasema mwishowe. "Masikini kaka yangu. Alimwona kweli."

"Na sote tulimcheka."

"Sote."

Nikalia palepale, sikuweza hata kujifuta, mikono yangu imeshika miguu yake. Lakini nilikuwa nashukuru pia, nashukuru mno, kwamba ameshuhudiwa, na kwamba tumeshuhudia wawili, maana ningemwona peke yangu nani angeniamini? Na hapo, kwa kuwa alikuwa mgongoni na sikuuona uso wake, wala yeye wangu, neno likapata njia.

"Wifi, usiende kesho."

Akacheka kidogo puani. "Ameanza."

"Sitanii."

"Kila ukitania unasema hutanii. Tembea, goti linaniuma."

"Kaka yako alisema kweli tukamwona mtani. Mimi nakwambia kweli. Usiende."

"Miaka miwili unaniita Mgeni," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, utani umeisha ndani yake. "Nimekuwa nikisubiri siku utakayoacha. Mgeni kazi yake ni kuondoka, wifi. Nimeshakaa kupita kiasi. Hebu tembea."

Sikutembea. Nilijua nikipiga hatua moja, neno lile litabaki nyuma majini, na tukifika ng'ambo mdomo wangu utarudia ujinga wake. Nikasimama. Mtu akisimama kwenye tope lile anazama kidogo kidogo. Nilisikia unyayo unateremka, maji yakagusa mdomo wa buti la kushoto, yakasita kidogo, yakaingia. Ya baridi. Kisha na la kulia.

"Unazama," Mgeni akasema.

"Najua."

"Mabuti yanaingia maji. Mabuti ya kaka yangu yanajaa maji, unafanya nini wewe?"

"Acha yajae."

Ninyi hamjui maana ya maneno hayo, yeye alijua. Mimi ndiye niliyekuwa nalipaka buti langu mafuta kila mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyemfukuza paka na mwiko kwa kulinusa. Tulikuwa tumeligombania mbele ya ukoo mzima kama wehu. Tangu lilipotua mikononi mwangu halikuwahi kuingia hata tone kwa ndani, maana ndani ndiko kulikobaki alama ya wayo wa mume wangu, vidole vyake vyote, vimejichora kwenye soli. Maji yakaingia yakafunika alama ile, yakapanda mpaka juu, na mimi sikusogea.

Mkono wake ukanikaza shingoni. Nikaanza kuhisi umande kwenye ukosi wa gauni langu, na mvua haikuwa inanyesha.

"Binti yangu aliniambia njoo," akasema karibu na sikio langu. "Na hapa hakuna aliyeniambia kaa. Ndiyo maana nilifunga begi. Sikuwa na sababu nyingine."

"Kaa."

"Utaacha kuniita Mgeni?"

"Nitaacha. Nitasahausahau mara moja moja, ulimi hauna mfupa. Lakini nitaacha."

"Na sukari?"

"Maliza sukari yote."

Akacheka, na kucheka kwake kukanitikisa, na hapo ndipo tulipoanguka. Sikusema tuliendelea kusimama kama sanamu. Mguu ulinasa, nikapepesuka, tukakaa majini wote wawili mpaka kifuani, fimbo ikaelea, yangeyange wote wakaruka kwa mpigo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tuliyaoga na nguo zetu. Msoma Mita alikusanya watoto wake chini ya mabawa, akatuondokea, miguu mingi inabembea. Tulivuka ng'ambo kwa kushikana mikono, mkunga mstaafu na goti lake, mimi na mabuti yanayopiga kelele chwa, chwa, chwa. Tukakaa kwenye lile gogo mpaka jua likatukausha mgongo. Sikumbuki tulizungumza nini. Nadhani hatukuzungumza.

Binti yake alifika kesho yake kama alivyoahidi, gari limeoshwa. Alikuta mabuti mawili yamechomekwa kichwa chini kwenye miti ya uani, na mama yake karakanani, amevaa gauni langu linalomtosha mara mbili, anashona vifungo.

"Mama, mbona hujajiandaa?"

"Nimezuiwa," wifi akasema, bila kuinua uso. Alilisema kama mtu anayetangaza amepandishwa cheo.

Binti akanigeukia. "Ni kweli, anti? Maana kila nikimpigia simu ananiambia yeye hapa ni mgeni tu. Nikadhani mmemchoka."

"Alikuwa anatania," nikasema.

"Nusu," wifi akasema.

Binti alikula, akalala, akakitazama kinamasi kwa mbali kwa sababu ya viatu vyake vyeupe, akarudi kwake na gari tupu. Aliahidi kuja likizo na watoto. Begi dogo lilifunguliwa na nguo zake zikaingia kwenye kabati langu, upande uliokuwa na mashati ya marehemu.

Mabuti yalichelewa kukauka, maana tope lilikuwa limeingia mpaka ncha. Yalipokauka nilipeleka mkono ndani ya la kushoto, nikapapasa soli. Alama ya vidole bado ilikuwepo, hafifu, lakini ipo. Nilikaa nayo kidogo.

Jioni ile wifi aliyaleta yote mawili karakanani, ameyafuta yanang'aa, akayasimamisha juu ya meza ya kukatia. Nikafikiri sasa mmoja wetu atampa mwenzake jozi nzima, ingekuwa ndiyo heshima, na nilikuwa tayari kusema chukua yote. Yeye akachukua la kulia, akaenda kuliweka kando ya mlango wa chumba chake. La kushoto aliliacha palepale mezani, juu ya kitambaa changu cha buluu.

"Hilo lako," akasema. "Ukinipa yote nitakuwa naenda peke yangu."